Jiwe Alilolionja Gati

Mama yake mwenyewe ndiye aliyemtuma.

"Kuna jiwe jeusi kule nyuma ya kilima," Esther alisema, amelala kwenye mkeka, miguu imefunikwa khanga. "Haya ya huku ya kawaida tu. Lile zuri."

Gati, binti yake mkubwa, alikuwa chuoni, mwaka wa mwisho wa jiolojia. Alirudi Butiama kukusanya mawe ya volkano zilizozimika zamani sana, kabla mnyama yeyote hajaikanyaga ardhi ya Mara, na ilibaki sampuli moja tu utafiti wake ukamilike. Haraka yake haikuwa ya joho la mahafali. Alitaka amalize ili amkimbize mama Musoma kwa daktari mwingine, maana tangu Pasaka ganzi ilikuwa inampanda Esther kutoka vidoleni, na sasa ilishavuka magoti. Wale waliompima Bunda hawakuona kitu.

Basi akapanda kilima, jua likizama.

Jiwe alilikuta. Jeusi, peke yake, hakuna jani lililoota karibu nalo. Palinuka zizi la mbuzi... lakini mbuzi hawakuwapo.

Alipiga nyundo mara moja tu. Kipande kikadondoka bila ubishi.

Watu wa mawe wana tabia yao, na usiwacheke. Kipande kikipasuka wanakilamba, kwa sababu chembe zikilowa zinaonekana vizuri, na maji ya chupa yakiisha, mate yanatosha. Gati alianza mchezo huo mwaka wa kwanza, mpaka nyumbani, na mama yake alimcheka hadi machozi yakamtoka.

Akakilamba.

Chumvi. Kisha joto... joto la jiwe lililotoka mekoni. Kisha ulimi ukafa ganzi.

Nyuma yake, mtu akashusha pumzi. Ndefu. Pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Gati aligeuka.

Hakuna mtu.

Alishuka mbio, huku anajidanganya kuwa ni upepo. Chini ya kilima alimkuta Machage, baba yake mdogo, amesimama njiani bila jembe wala ng'ombe. Alikuwa anamtazama mdomo.

"Umelionja?"

"Nini, baba mdogo?"

"Pale tunawekaga ugonjwa," Machage alinong'ona. "Tunachinja mbuzi, tunapaka damu, tunaliacha. Anayelionja ndiye anauchukua. Lakini sharti aonje kwa hiari yake, asiambiwe na mtu. Sasa nani anaonjaga jiwe, mwanangu? Nilimwambia mama yako tutamaliza mbuzi bure."

"Akasemaje?"

Machage alitazama chini.

"Alisema nichinje tu."

Gati alifika nyumbani anaburuza miguu. Aliishia kizingitini, akakaa, akavua kiatu na kuminya kidole gumba. Akaminya tena. Kilikuwa kama cha mtu mwingine.

Kutoka jikoni ilisikika sauti... kandambili. Mtu anatembea. Wadogo zake wanacheka.

Esther akatoka. Alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, mwiko mkononi, uso umelowa machozi. Aliinama, akamfunika bintiye miguu kwa khanga ile ile.

"Mama," Gati alisema, ulimi mzito. "Ulijua nitalilamba."

Esther aliinyoosha khanga. Hasira ilimpanda Gati, na uchungu ukaja juu yake, kwa sababu alimwona mama yake anaumia kweli.

"Wewe umeshakua," Esther alisema taratibu. "Hawa wadogo zako wangelelewa na nani?"

Kisha akarudi kuwapakulia.

Kipande kile kilipelekwa maabara, kikapimwa. Ni basalti, jiwe la kawaida la volkano, hakina sumu yoyote. Chuo kinaendelea, wenzake wanahitimu. Ganzi imeshafika kiunoni. Kila asubuhi Esther humbeba Gati kumwogesha, kwa mapenzi ya kweli, na kumuuliza kama maji ya miguuni ni ya moto sana.

Gati hajibu. Hajui.