Tone la Maji ya Kemondo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Joyness alipita kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba yao huko Muleba, akakata majani ya ndama. Kisha alioga harakaharaka, akavaa sare, akatoka mbio ili afike shuleni kabla ya wenzake. Alipenda kuwa wa kwanza katika kila jambo. Mwalimu alikuwa hajamaliza kuuliza swali, mkono wa Joyness uko juu. Akilijua jibu, alijibu. Asipolijua, alibuni moja papo hapo, na mara nyingi bahati ilimwendea vizuri.

Ijumaa moja darasa lao la sita lilipanda basi dogo la kukodi kwenda Bukoba, kutembelea chuo kikuu kilichokuwa kimealika shule za msingi.

"Huko wanasomesha udaktari, uhandisi na sheria," Joyness alimwambia rafiki yake Ephrasia njiani. "Hakuna kingine."

"Nani kakwambia?"

"Najua tu."

Mwalimu Rugaibula, aliyekuwa ameketi mbele yao, aligeuka akatabasamu.

Getini walipokewa na kijana mrefu aitwaye Mujuni, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ephrasia alimuuliza anasomea nini.

"Biolojia na muziki," alijibu Mujuni.

Watoto wakaangua kicheko. "Vyote viwili?"

"Vyote viwili. Hapa unachagua fani yako kuu, lakini huruhusiwi kujifungia humo. Rafiki yangu anasoma hisabati na falsafa. Mwingine anasoma historia na kemia."

"Falsafa ni nini?"

Mujuni alifikiri kidogo. "Ni kuuliza yale maswali ambayo watu wazima wamechoka kuulizwa."

Joyness hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupata shahada kwa kuuliza maswali.

Chumba cha kwanza kilikuwa maabara ya biolojia. Mkuu wake, Dokta Kokuberwa, mama mfupi mwenye miwani, alikuwa ameweka ndoo ya maji mezani.

"Maji haya yametoka ziwani, Kemondo," alisema. "Mnayaona ni safi. Sasa njooni mtazame tone lake moja kwa hadubini."

Foleni ilipangwa kuanzia upande wa pili, Joyness akajikuta wa mwisho. Jambo hilo lilimkera. Mmoja baada ya mwingine, wenzake waliinama, wakashangaa: "Loo! Nimeona! Wanatembea!" Zamu yake ilipofika, aliinama akatazama kwa jicho moja. Aliona giza. Akabadilisha jicho. Aliona vivuli vyeusi vikipepesuka, akatambua kuwa ni kope zake mwenyewe.

"Umeona nini, mwanangu?" aliuliza Dokta Kokuberwa.

Darasa zima lilikuwa linamtazama. "Nimeona samaki," alisema Joyness. "Mdogo sana. Mwekundu. Ana mabawa."

"Mabawa?" Dokta alivua miwani. "Yalikuwa yanapiga?"

"Ndiyo, Dokta. Hivi." Joyness akapepea mikono.

Mujuni alikuwa tayari ameshakiondoa kile kioo chenye tone na kukisuuza, kwa kuwa foleni ilikuwa imekwisha. Dokta Kokuberwa hakumkemea. Macho yake yaling'aa kama ya mtoto.

"Miaka yote hii nachunguza maji ya ziwa hili, sijawahi kuona kiumbe kama huyo. Mujuni, ita wenzako. Chukueni maji ya ndoo hiihii, mkatazame tone moja moja kwa hadubini za chumba cha ndani. Huenda binti huyu ameona kitu kipya."

Joyness alishusha mikono polepole.

Mwanafunzi mwingine aliwapeleka vyumba vilivyofuata. Katika chumba cha historia, kila mtoto alishika bonge jeusi, zito kuliko jiwe. "Hii ni taka ya tanuri la chuma," aliwaeleza msichana anayesomea historia. "Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa hukuhuku kwetu waliyeyusha chuma."

"Kwa nini waliacha?" aliuliza Ephrasia.

"Sijui," alisema msichana yule bila aibu yoyote. "Tunaendelea kutafuta."

Katika chumba cha lugha, Ephrasia alisema neno la Kihaya kwenye kinasa sauti, na sauti yake ikatokea kwenye kompyuta kama mstari wa vilima. Alipolisema neno lingine linaloandikwa vilevile lakini lenye maana tofauti, kilima kimoja kilihama. Watoto wote wakaguna kwa mshangao. Katika chumba cha muziki, mwalimu alipiga uzi wa enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, akaubana kwa kidole katikati kabisa, akaupiga tena. Ilikuwa sauti ileile, ila imepanda juu. "Nusu ya uzi," alisema. "Hisabati imejificha humu. Lakini kwa nini moyo wa mtu hufurahi akiisikia? Hilo sijui."

Sijui. Kila chumba walichoingia, mtu msomi alilitamka neno hilo kwa uchangamfu. Joyness alilisikia likimchoma. Ulimwengu ulikuwa unafunguka mbele yake, mkubwa kuliko alivyowahi kuota, naye alikuwa ameutia uongo.

Wakati wa chakula aliisukuma kando sahani ya wali. Kupitia dirishani aliwaona Mujuni na wenzake bado wameinamia hadubini, sahani zao hazijaguswa. Dokta Kokuberwa alikuwa kwenye simu. "Ndiyo, kesho asubuhi," alikuwa anasema. "Nahitaji mtumbwi hapo Kemondo. Tutachota maji mengine."

Joyness aliinuka. Alitembea moja kwa moja mpaka mlango wa maabara.

"Dokta, shikamoo."

"Marahaba, mgunduzi wangu! Bado hatujampata."

"Hamtampata." Machozi yalimtoka. "Sikuona samaki. Sikuona kitu chochote. Wenzangu wote waliona, nikaogopa kuwa mimi peke yangu sijaona. Nisamehe, Dokta."

Mujuni alishusha pumzi ndefu, akajikalisha kwenye kiti. Dokta Kokuberwa akaenda kwenye ile hadubini ya asubuhi. Aliweka tone jipya, akainama.

"Hata mimi sioni kitu," alisema. "Lenzi imezungushwa. Haijakaa mahali pake."

Aliwaita watoto wote ndani. "Nani mwingine hakuona kitu leo asubuhi? Semeni kweli, sitamgombeza mtu."

Halafu mkono mmoja ukapanda, wa Ephrasia. Ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka karibu darasa zima. Mwisho Mwalimu Rugaibula alikohoa, naye akainua wake.

"Niliona kope zangu," alisema, akiangalia chini. "Niliona haya mbele ya wanafunzi wangu."

Vicheko vililipuka, na Joyness alicheka pia huku akijifuta machozi. Dokta Kokuberwa alirudisha lenzi mahali pake. "Sasa njoo uanze wewe."

Joyness aliinama. Mwanzoni aliona mwanga, kisha mwanga ukatulia ukawa nchi nzima. Shanga za kijani zilizotungwa pamoja zilielea polepole. Vidude vyembamba viling'aa kama vipande vya kioo. Katikati akapita kiumbe ambaye mwili wake ulionyesha kila kitu kilichokuwa ndani, na nyuma ya shingo yake, kidogo kuliko ncha ya sindano, moyo ulikuwa unadunda.

"Nauona moyo!" alinong'ona, asijue hata anavyosema. "Dokta, naona moyo wake!"

Alipoinua kichwa, Dokta Kokuberwa alikuwa amechuchumaa kando yake.

"Umetupotezea nusu siku," alisema kwa upole, "na hilo usilisahau, kwa sababu hapa tunaaminiana. Mtu akisema ameona, wenzake wanaacha chakula wakatafute. Lakini kumbuka pia kwamba mpaka uliposema hujaona, hakuna aliyejua hadubini imeharibika. Tungewaonyesha watoto wa shule nyingine giza mpaka jioni. Ukija kusoma hapa, chagua fani yoyote uipendayo. Zote huanza na mtu mwenye ujasiri wa kusema: sijaona, nionyesheni."