Sufuria la Makande Uzunguni

Walikutana sokoni Lushoto, siku Nathanaeli alipokanyaga peasi za Klara kwa kiatu chake chenye soli nene kama kigoda.

"Samahani, mrembo."

"Mrembo ndiyo bei ya peasi siku hizi?"

Akacheka, akanunua fungu zima. Mwezi haujaisha akawa anapiga simu misheni ya Malindi, kijijini kwa kina Klara huko milimani, kila Jumatano. "Malaika wangu, umelala salama?" Klara anajibu kwa kunong'ona, karani wa misheni katega sikio. Sasa Jumamosi ijayo mjomba wa Nathanaeli angepeleka posa.

Kabla ya hapo kukawa na matembezi ya mshikamano: vijana wa ofisini, suti za Kaunda, soksi nyeupe, kupitia Uzunguni mpaka bustani ya mtoni. Mbele ya kila nyumba ya Mjerumani walisimama wakawalaani wakoloni, kisha wakagombania nani atapewa ile yenye bafu.

"Wote ni sawa!" alipayuka Nathanaeli. "Mwanamke, mwanamume, sawa!"

Nyuma yake Klara, gauni la maua ya njano, sufuria la makande ya watu wote kichwani. Nathanaeli kabeba kalamu mbili mfukoni.

Kwenye mteremko wa kwenda mtoni, Klara akatua.

"Mgosi, mwanamume wangu, zamu yako."

"Zamu ya nini, kipenzi?"

"Ya usawa."

Wenzake wakaangua kicheko. Nathanaeli akamsogelea. "Umenuna kwa sababu ya kile kitenge ulichokitaka dukani? Nitakununulia."

"Nani kataja kitenge?"

"Basi ngoja nimwite mchukuzi sokoni."

"Ee, tumpate na sisi wa kumnyonya."

Nathanaeli akamtazama. Akaikumbuka Jumamosi. Akachukua ngata, akajitwika. Mchuzi ukamtiririkia kwenye kola, na Klara akacheka mpaka machozi. Akatembea ubavuni mwake, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwona Nathanaeli mzuri.

"Shingo ikivunjika utaniuguza?"

"Mpaka uzeeke, mpenzi."

Walikuwa wanakaribia daraja, mara Land Rover ya bwana mkubwa wa ofisi ikachomoza. Nathanaeli akashusha sufuria kama limemuunguza.

"Pokea! Klara, pokea upesi!"

Klara akaweka mikono nyuma.

Gari likasimama. Mzee akatoa kichwa dirishani. "Nathanaeli! Huyu ndiye mchumba?"

Nathanaeli akasimama kakumbatia sufuria, jasho na mchuzi vimechanganyika. "Hapana, mzee. Huyu... huyu ni mpishi tu."

Klara akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Ni kweli asemavyo. Mjomba wake alikuwa aje kwetu Jumamosi. Sasa haji."

"Klara, subiri! Nilikuwa natania!"

Klara hakugeuka. Akakung'uta gauni lake, akashika njia ya kurudi Malindi. Nyuma yake alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, na sauti ya mzee:

"Haya kijana, mpishi kaondoka. Tupakulie."