Kiganja kwenye Saruji

Abigaïl alikwenda kuona wanyama akiwa amevaa viatu vya kisigino kirefu, na hilo peke yake lilitosha kugeuza shingo za wanaume wa Lubumbashi. Asubuhi ile ya Julai kituo cha mabasi karibu na soko kilijaa wauza mikate, vumbi na baridi. Yeye alisimama katikati, gauni la kitenge cha njano limembana kiunoni, akimsubiri shoga yake Syntiche ambaye, kama kawaida yake, hakutokea.

"Bibi," sauti ilisema nyuma yake, "uko naenda kuona kiboko ao uko naenda kuolewa?"

Aligeuka. Kijana mrefu, koti la jinzi, macho ya utundu.

"Byote bibili, papa. Kama kiboko itaniona muzuri, nitabakia kule kule."

"Kiboko haina na dot ya kukuolea, chérie. Miye niko nayo. Naitwa Paulin."

Ndivyo alivyopata jirani wa kukaa naye njia nzima, mpaka kwenye mbuga ndogo ya wanyama kando ya ziwa. Ndogo kweli: swala wachache, ndege wengi, na kiboko mmoja mzee aliyetoa pua majini, akapuliza, akazama tena. Watu walipiga kelele kana kwamba wameona simba kumi. Viatu vya Abigaïl vilinasa matopeni, Paulin akambeba mgongoni, na abiria wote wakawapigia vigelegele.

Mtandao wa simu ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu. Abigaïl alikipanda miguu mitupu.

"Allô, maman? Niko muzima. Eeh, tuliona kiboko. Moja. Hapana, maman, hakuna mwanaume."

Chini yake Paulin, viatu mkononi, akakohoa makusudi.

Mwaka mzima walipendana. Abigaïl alikuwa akiuza vitenge sokoni, Paulin fundi umeme, na simu zao hazikupoa.

"Ulikula?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda, chéri."

Kiangazi kiliporudi wakarudi ziwani, safari hii Abigaïl amevaa raba. Paulin alisubiri kiboko apulize, kisha akasema haraka, kabla ya kuogopa: "Nataka kukuoa. Mwezi inakuya nikupeleke Likasi kwa baba."

"Ndiyo," alisema Abigaïl. "Ndiyo, weye mupumbavu, ulikawia."

Akacheka, akalia kidogo. Paulin akatoa simu amwonyeshe nyumba aliyokulia.

"Tazama barza yetu. Unaona kale kakono mu simenti, na bifuniko ya chupa byenye kukazunguka? Kalikuwa pale mbele ya siye kufika. Wakati niko mutoto, kila asubuhi nilikuwa natia mukono yangu mule, mpaka ikakatala kuingia. Hatuyue ni mukono ya nani."

Abigaïl alijua, kwa kusimuliwa tangu utotoni. Mama yake, Clotilde, alivipanga vifuniko vile mwenyewe, msichana mdogo, barazani kwao, kuzunguka kiganja cha mdogo wake Israël. Kisha ukaja wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi. Familia yake, nayo ya Kasai, ililala kwenye gare ikisubiri treni, Israël akashikwa na surua, akafia palepale. Walimzika kando ya reli, mahali ambapo Clotilde hakupaona tena. Kiganja kile ndicho alama yake pekee iliyobaki duniani.

Abigaïl alisema kichwa kinamuuma. Kurudi mjini, simu yake ikawa inaita tu. Paulin akakesha na wivu, na wivu ukamleta sokoni.

"Ni nani? Niambie jina yake!"

"Anaitwa Israël," alisema Abigaïl, bila kuinua macho. "Alikuwa na miaka mine. Njo ye mwenye mukono."

Akamwambia yote. Paulin alisimama kati ya vitenge, mikono hana pa kuiweka. Kesho yake akaenda Likasi.

Baba yake, mzee Donat, mstaafu wa reli, alikuwa barazani akiota jua.

"Baba, benye nyumba balikuwa wapi wakati uliingia?"

"Mulango ulikuwa wazi."

"Balikuwa wapi?"

"Ku gare. Miye nilikuwa natumika kule. Nilikuwa nabaona kila siku."

Paulin alichukua nyundo na patasi, akakikata kiganja kutoka barazani, polepole kisije kikapasuka, baba yake akitazama.

Alikipeleka kwa mama Clotilde kimefungwa blanketi, akamweleza na aliyoyasema baba yake. Mama akakiweka mapajani, akaomba maji, akakiosha vumbi kidole kwa kidole, jinsi mtoto anavyooshwa mikono kabla ya kula. Ndipo akalia, na Abigaïl akalia, na Paulin pia.

"Aksanti, mutoto yangu. Umeniletea mudogo yangu."

"Maman, na Abigaïl?"

Mama alikaa na kile kiganja.

"Siku ya dot baba yako atakaa mbele yangu, nimupatie chakula. Tulikuwa tungali ku gare, Paulin, na ye alikuwa nalala mu kitanda yetu. Alikuwa natuona. Unisamehe. Siwezi."

Utasema wangetoroka. Kutoroka ni rahisi kwa asiye na mama. Abigaïl alimsindikiza Paulin mpaka barabarani, akamrekebishia kola ya koti, akashindwa kuiachia.

"Ungekuwa mutu mubaya," alisema, "ningepona mbio."

Mwaka uliofuata, Julai, simu ililia sokoni katikati ya wateja.

"Allô?"

"Ni miye. Niko juu ya kichuguu."

Abigaïl aliketi juu ya marobota. "Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Na kiboko?"

"Iko. Bado moja."

"Nisikilizishe."

Paulin alinyoosha simu kuelekea ziwani. Abigaïl akaziba sikio la pili kwa kidole, mteja akiuliza bei bila kujibiwa, mpaka akasikia, mbali sana, ile pumzi nzito ikipuliza maji.

"Usikate," alisema.

Hakukata. Hakuna aliyesema tena, mpaka inite za simu ya Paulin zikaisha.