Kioo cha Kisogo

Soko la mitumba lilikuwa limefurika watu, na katikati ya msukumano ule mikono miwili ilishika fimbo moja ya gofu. Mkono wa juu ulikuwa wa mwanamke mwenye gauni la rangi ya ndimu na hereni ndogo za lulu bandia. Mkono wa chini ulikuwa wa mwanamume aliyevaa shati jeusi, limepigwa pasi hata mikunjo ya mikono yake ingeweza kukata mkate.

"Kaka, nimeiona mimi kwanza."

"Dada, macho hayanunui. Mimi nimeishika."

"Kwani unacheza gofu?"

"Nicheze wapi? Nataka kushushia mlango wa chuma wa kukunja wa duka langu. Mpini niliokuwa nao umevunjika."

Mwanamke akamtazama kama aliyeambiwa kwamba kitabu kitatumika kuwashia jiko. "Fimbo nzuri hivi uifanye kulabu ya mlango? Huna huruma!"

"Mnanizibia wateja," mwenye biashara akanung'unika. "Bei ni ileile kwa mchezaji na kwa mfunga duka."

Mwanamume akaiachia. "Chukua, dada. Lakini leo mlango wangu hautafungika, na lawama ni zako. Nipe namba ya simu, nikiibiwa nijue wa kumlilia."

Hivyo ndivyo walivyofahamiana. Mwanamume alikuwa kinyozi, na katika saluni yake aliosha na kutengeneza nywele za wake kwa waume. Kwa wepesi wa mikono na ukali wa ulimi, watu walimwita Wembe. Mwanamke alikuwa akihudumu katika duka la dawa karibu na hospitali, naye Wembe akamwita Dawa.

"Dawa yangu, umekula?" Wembe angeuliza kwa simu kila mchana.

"Nimekula. Wewe umenyoa wangapi?"

"Sijui. Kila kichwa nilichokishika nilikiona chako."

"Muongo mkubwa! Hata wenye upara?"

Dawa alipenda gofu kwa sababu iliyokuwa wazi kwake. Kutwa alisimama nyuma ya kaunta akisikiliza maumivu ya wengine. Aliposimama mbele ya mpira mdogo mweupe, alisikia pumzi yake mwenyewe. Shindano la wachezaji wapya lilikuwa limekaribia, na watakaofanya vizuri wangeingia katika timu ya wanawake. Aliitamani nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukiomba. Ila siku hizo lilimzukia kosa moja lisilokwisha: alinyanyua kichwa kabla ya kuupiga mpira.

"Macho yakiondoka, bega linafuata," mwalimu wake alimweleza. "Bega likiinuka, fimbo inaukwangua mpira kwa juu. Tulia. Mpira hauna haraka, wewe ndiye mwenye haraka."

Siku Wembe alipokwenda kutazama mazoezi, alikaa kwenye benchi na kikombe cha chai. Mwalimu alikuwa mrefu, fulana yake ya buluu imemkaa vizuri, na mkononi amevaa glavu nyeupe. Alisimama nyuma ya Dawa, akavishika vifundo vya mikono yake.

"Legeza," alisema. "Umeshika fimbo kama mtu anayeogopa kuibiwa."

Chai ya Wembe ikapoa bila kunywewa. Wivu ulimpanda kama kiungulia. Alirudi tena na tena kutazama, na kila mara alirudi saluni akiwa amevimba. Mshonaji wa duka la jirani hakumhurumia.

"Wembe, mwenzio anafundishwa kushika, wewe unafundishwa kungoja!"

"Funga mdomo, ushone."

"Nashona, ndugu yangu. Lakini nguo yako imeshapasuka."

Jioni moja, nje ya uwanja, Wembe hakuweza kujizuia.

"Lazima akushike?"

"Anashika kifundo cha mkono, Wembe."

"Cha nani? Si cha mpenzi wangu? Na ile 'legeza, legeza' ndiyo somo gani?"

"Somo la gofu! Wewe ulidhani la nini?"

"Sijui, na sitaki kujua. Chagua, mpenzi. Gofu au mimi."

Dawa aliirudisha fimbo yake kwenye mfuko wa gofu polepole, kama mtu anayeogopa kuitupa.

"Leo umeosha vichwa vya wanawake wangapi? Wamefumba macho, wamelaza shingo mikononi mwako, wengine hata wanasinzia. Umewahi kuniona nimesimama mlangoni na kikombe cha chai?"

"Ile ni kazi."

"Na hii ni yangu. Usinipigie simu."

Wembe alipiga. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena asubuhi, akapiga mchana wakati wa kuulizana kama wamekula. Hakuna aliyemjibu.

Siku moja kabla ya shindano, mdogo wake Dawa aliingia saluni huku Wembe akimaliza kumnyoa mzee mmoja.

"Shemeji, dada ameniambia nisikanyage hapa. Kwa hiyo nimekuja."

"Hajambo?"

"Hali, hacheki. Mwalimu anawarekodi kwa simu ili kila mtu ajitazame. Dada ameitazama video hii mpaka amelia. Itazame na wewe."

Wembe aliishika simu kwa mkono wenye povu. Alimwona mwalimu akirekebisha vifundo vya Dawa kwa uso wa fundi anayekaza bomba, kisha akienda kumrekebisha mwanafunzi mwingine kwa uso uleule. Nyuma yao, kwenye benchi, alikaa mwanamume aliyekunja taya na kukibana kikombe kama anayekinyonga. Wembe alimchukia mara moja. Kisha akalitambua shati.

Dawa akainua fimbo. Kabla haijaugusa mpira, kichwa chake kilinyanyuka. Hakikuelekea mpira; kilielekea benchi. Alikuwa akiusoma uso wa yule mwanamume, aone kama amekasirika. Mpira ukabingirika kando. Akapiga wa pili, ikawa vilevile. Na wa tatu.

"Tazama na hii," mdogo wake Dawa akasema.

Katika video iliyofuata benchi lilikuwa tupu. Kichwa cha Dawa kilitulia, na mpira ukaruka mpaka ukapotea.

"Kijana, umemaliza?" mzee aliuliza.

Wembe alichukua kioo cha mkononi kwa mazoea, akakishika nyuma ya kichwa cha mteja.

"Ajabu," mzee akasema. "Sikujua nina kovu kisogoni."

Wembe akakishusha kioo. Watu wote wale aliowaonyesha visogo vyao, na chake hakuwahi kukiona.

Siku ya shindano alifika mapema, akamwendea mwalimu.

"Nisimame wapi ili asinione?"

Mwalimu alimpima kwa macho. "Nyuma ya gari la kukusanyia mipira. Lakini lete mikono kwanza. Tangu siku ya kwanza umekunja ngumi." Akavishika vifundo vyake, akavitikisa. "Legeza."

Wembe akacheka, kwa aibu na kwa nafuu. Mguso wenyewe ulikuwa mtamu kama kupimwa presha.

Nyuma ya gari lile hakuona kitu. Alisikia tu: kimya, mlio mmoja safi, halafu makofi. Baada ya muda simu yake ikaita.

"Wembe." Alikuwa Dawa. "Nimeingia timu. Nilitaka ujue, basi. Ungekuwepo..."

"Nipo."

"Upo wapi?"

"Nyuma ya gari la mipira. Sijaona hata pigo moja, Dawa. Nilitaka uutazame mpira."

Dawa akamjia amevaa sketi nyeupe na kofia yenye ukingo, macho yamelowa.

"Umeiona ile video?"

"Nimemwona yule wa kwenye benchi. Simpendi. Nisamehe. Wivu haujaniisha. Nisikudanganye."

"Ukikujia, niambie. Usinitazame tu."

"Nitasema. Na kesho nataka niende kusema jambo kwa mama yako, kama utakubali niwe mumeo."

Dawa akaitoa fimbo ile ya mtumba kwenye mfuko wake wa gofu.

"Timu imenipa nyingine. Hii kashushie mlango. Kesho ufunge duka mapema, mama hapendi mgeni anayechelewa."

Wembe aliipokea, akaikamata kwa nguvu zake zote. Dawa akaweka vidole juu ya kifundo chake.

"Legeza," alisema.

Akalegeza.