Alama za Meno kwenye Kasha la Diski ya Saba

"Diski ya saba iko wapi?"

Fundi Meno alitupa mkoba wake juu ya kaunta. Ilikuwa wiki ya tatu anauliza swali hilohilo, na uvumilivu ulikuwa umembakia kiduchu.

"Bado haijarudi," Kanda alijibu bila kuinua macho. Alikuwa anafuta diski nyingine kwa kitambaa laini.

"Nani anayo?"

"Mteja."

"Mteja gani huyo asiyemaliza diski moja wiki tatu?"

"Fundi, siri ya mteja ni siri ya mteja. Hata wewe huwezi kunitajia nani mjini hapa ana meno ya bandia."

"Naweza. Kinyozi wako, muuza magazeti wako, na mwenye nyumba wako. Huyo ni meno yote, juu na chini."

Kanda akacheka, akainama tena. Jina la Kanda lilimganda tangu enzi ya kanda za video, alipofungua duka la kukodisha. Kanda zikafa, zikaja diski. Watu wakahamia kwenye simu, yeye akabaki na rafu zake, daftari lake na kengele ya mlangoni. Fundi Meno alifanya kazi mtaa wa pili, chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, akichonga meno ya bandia mchana kutwa. Siku hizi kilichowakutanisha ni tamthilia moja ya zamani, diski kumi, za hadithi za upelelezi wa Uingereza wakati wa magari ya farasi na taa za gesi. Mpelelezi wake alivaa koti refu hata jua likiwaka. Fundi alimwita Bwana Koti. Alimpenda kwa sababu aliangalia tope la kiatu tu, akamjua mtu mpaka ukoo.

Diski ya sita ilikuwa imekatia pabaya. Bibi mmoja tajiri amekunywa chai, ameanguka chali. Bwana Koti ameinua kidole, amesema, "Muuaji yumo humu chumbani." Basi, yakaja majina ya waigizaji.

Lakini tusidanganyane. Fundi alikuwa anampenda Kanda, amempenda mwaka mzima, na hakuwa amemwambia mtu. Sasa Daktari, bosi wake, alikuwa anafungua zahanati mji wa mbali, mwendo wa siku mbili, na alimtaka aende akasimamie karakana. Jibu lilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Nikihama mji huu," Fundi alisema polepole, "utanitumia hiyo diski?"

Kitambaa kikasimama. "Unahama?"

"Labda."

Kanda akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. "Diski... zinavunjika posta," akasema.

Ndipo simu yake ikawaka juu ya kaunta. Fundi hakukusudia kusoma, ila macho hayana pazia. Mteja Maalum: "Nakuja kesho saa nne akiwa kazini. ASIJUE. Ukimpa tu kabla..."

Kanda akaidaka simu. Masikio yalikuwa mekundu kama ya aliyepigwa.

"Mteja maalum," Fundi alisema.

"Ni... mteja."

"Maalum."

Aligeuka aondoke, moyo ukimuuma waziwazi, lakini mwanafunzi wa Bwana Koti haondoki mikono mitupu. Kiti cha wateja kilinuka dawa ya kuchua. Kwenye msumari wa kiti ulining'inia uzi wa sufu wa zambarau. Akauchukua.

---

Nyumbani, Shangazi yake alikuwa kitini amenyoosha miguu, sweta lake la zambarau limefungwa mpaka shingoni, anajichua magoti. Nyumba nzima ilinuka dawa hiyo miaka mingi, pua ya Fundi ilikwisha kuizoea.

"Mbona uso umeukunja kama shuka la mgonjwa?"

"Kanda ana mwanamke, Shangazi."

Shangazi akaacha goti. "Nani kasema?"

"Ushahidi. Ananuka dawa ya kuchua, kwa hiyo anachua misuli, kwa hiyo ni mwanamichezo. Anavaa sufu ya zambarau, kwa hiyo anajipenda. Anakuja saa nne, kwa hiyo hana kazi ya kuajiriwa. Ni mchezaji wa netiboli. Mrefu, mweusi, miguu mizuri."

Shangazi alikohoa mpaka meno yakamcheza mdomoni. Akayasukuma kwa kidole yakarudi mahali pake.

"Netiboli!"

"Usicheke. Na diski ya saba anayo yeye."

"Mwanangu, umewahi kumwambia huyo kijana kwamba unampenda?"

"Mimi mwanamke nianze? Aseme yeye."

"Naye kule anasubiri useme wewe. Mtazeeka mnafutiana diski." Akarudi kwenye goti lake. "Usimjibu Daktari leo. Kikulacho ki nguoni mwako. Peleleza vizuri."

---

Ijumaa, saa nne kasoro dakika tano, Fundi alisimama mlangoni kwa Daktari na koti lake jeupe lenye vumbi la plasta.

"Daktari, naomba dakika ishirini."

"Chukua. Ila saa sita nataka jibu, nina mtu mwingine wa kumpigia."

Alipousukuma mlango wa duka, kengele ililia, na hapohapo nyuma ya pazia kiti kikaburutwa na mlango wa uani ukabamizwa. Kanda alitokeza nyuma ya pazia mikono juu, kana kwamba kuna bunduki.

"Fundi! Leo mapema!"

"Nani ametoka?"

"Upepo."

Fundi alimpita, akafunua pazia. Uani hakuna mtu. Mezani kulikuwa na kasha la diski ya saba, wazi, tupu. Alilishika. Pembeni lilikuwa na alama, juu na chini. Mtu alikuwa amelifungua kwa meno.

"Lirudishe hilo," Kanda alisema. "Tafadhali."

"Huu ni ushahidi. Na mwambie mchezaji wako ana tabia mbaya ya kutafuna mali ya watu."

"Mchezaji gani?"

"Kwaheri, Kanda. Saa sita nampa Daktari jibu. Naenda."

Alitembea haraka, kasha mkononi, ili machozi yasimpate barabarani. Karakanani alifunga mlango, akawasha taa ya mezani, na kwa kuwa hasira ya fundi huishia mikononi, akapasha nta, akaikandamiza juu ya zile alama. Alitaka kumwona mwizi wake kwa jino, kama Bwana Koti na tope.

Nta ilipopoa akaigeuza. Akasogeza taa. Akapima.

Meno yalikuwa sawa mno. Hakuna binadamu anayeota meno sawa namna hiyo, hayo yamechongwa. Isipokuwa jino moja la chonge, la kushoto, limegeuzwa ndani kidogo. Fundi alilijua jino hilo. Alikuwa ameligeuza kwa mkono wake mwenyewe, baada ya ugomvi wa siku tatu na mteja aliyesema hataki meno ya malaika, anataka lile jino lake la ubishi alilozaliwa nalo.

Fundi aliketi. Sweta. Magoti. Kiti. Alijishika kichwa.

"Netiboli," akajiambia. "Punda mimi."

Akapiga simu.

"Shangazi, uko wapi?"

"Nipo nyumbani, mwanangu, nimejilaza." Nyuma ya sauti yake muuza magazeti alikuwa akinadi magazeti.

"Shangazi, njoo dukani kwa Kanda sasa hivi. Uje na diski. Na uje na meno yako."

"Yote?"

---

Saa sita kasoro dakika ishirini walisimama watatu kwenye kaunta. Fundi aliweka kasha, akaweka nta pembeni yake. Shangazi aliangalia kazi ile, akatikisa kichwa kwa fahari.

"Unajua kazi, mtoto wewe."

"Kwa nini, Shangazi?"

Shangazi alitoa diski ndani ya sweta, imeviringishwa kwenye leso. "Diski ni kumi. Kila baada ya siku mbili unakuja kuchukua moja, unarudi nyumbani unaimba. Nikahesabu. Zikiisha, utakuja hapa kufanya nini? Kununua upepo? Nikaja kwa huyu bwana nikamwuliza, unampenda mtoto wa kaka yangu? Akasema ndiyo, mpaka usingizi hapati. Nikamwambia, basi naishika hii ya saba. Siku utakayomwambia, nairudisha. Ukimpa kabla hujamwambia, mimi na wewe tumekwisha."

Fundi alimgeukia Kanda. "Wiki tatu?"

"Nilijaribu," Kanda alisema kwa sauti ndogo. "Kila ukija najaribu."

"Na kila wiki ananiita!" Shangazi akadakia. "Nadhani amepata ujasiri, kumbe anataka kukagua diski yake kama ina mikwaruzo. Leo ndio nilikuwa namfungulia kasha kwa meno, kengele ikalia. Na magoti haya, nimeruka kizingiti cha uani!"

Simu ya Fundi ikatetemeka. Ujumbe wa Daktari: "Fundi, dakika kumi na tano. Unaenda au huendi?"

Akauweka ujumbe ule juu ya kaunta, mbele ya Kanda, ausome mwenyewe.

Kanda akausoma. Jasho likamtoka. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akamtazama Fundi machoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Fundi. Nina neno moja. Nimelibeba mwaka mzima."

"Liseme."

"Ni... mimi... Aliyemtilia sumu yule bibi ni mtoto wa kaka yake!"

"Nini?" Fundi alisema.

"Mungu wangu," Kanda alisema.

"Umeniambia muuaji?"

"Limeniponyoka! Nililipanga lingine mbele, hili likalisukuma!"

"Wiki tatu sijalala! Wiki tatu, Kanda!"

"Sasa mmeona?" Shangazi akaingilia. "Bibi wa watu kauawa na mtoto wa kaka yake, kwa chai! Na nani ananitengenezea chai mimi? Hata kama si mapenzi, hiyo diski nisingekuacha uitazame. Sikutaka mtu apate mawazo."

Fundi alitaka kukasirika zaidi, lakini kicheko kilimshinda. Alicheka mpaka akaegemea kaunta. Kanda akaona mwanya, akasema yote kwa pumzi moja kabla ulimi haujamsaliti tena:

"Nakupenda. Hiyo tamthilia niliagiza kwa ajili yako, siku ulipouliza kama nina hadithi za zamani. Hakuna mwingine aliyewahi kuiazima. Usiende. Au nenda, nami nafunga duka nakufuata, maana hata hivyo mteja ni wewe tu."

Fundi alifuta macho. Alivuta daftari la duka, akafungua nyuma, ukurasa hadi ukurasa. Kweli. Kwenye mistari yote ya tamthilia ile lilikuwa jina lake peke yake, limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko majina mengine yote.

"Bwana Koti angeliangalia daftari hili kwanza," akasema. "Mimi nikaenda kutafuta mchezaji wa netiboli."

Akachukua simu, akamwandikia Daktari: "Siendi. Asante kwa kuniamini. Narudi kazini baada ya chakula cha mchana."

Kisha akachukua kalamu ya Kanda. Kwenye safu ya kitu kilichoazimwa akaandika "Kanda". Kwenye safu ya mwazimaji akaandika jina lake. Alipofika kwenye tarehe ya kurudisha, akachora mstari mrefu mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kanda alisoma, akasoma tena, akatia sahihi yake pembeni ya mstari.

"Mkimaliza," Shangazi alisema, akijiweka sawa kwenye kile kiti cha wateja, "nipeni diski ya nane. Na hilo kasha mlifungue nyinyi."