Nywele za Kuzibia Mashua

Wapo watu wanaoweza kukuta unywele kwenye ugali, wakauweka kando ya sahani na kuendelea kula. Nekoye hakuwa mmoja wao. Alipoona ncha nyeusi imechomoza kwenye tonge la mumewe, Waliaula, alisukuma sahani yake mbali.

"Hii nywele ni ya nani, Mama Becky?" Waliaula aliuliza.

"Si yangu. Angalia kichwa."

Kichwa chake kilikuwa kitupu. Wiki iliyopita walikuwa wamemzika mama yake huko Kimilili, na wafiwa wote wakanyolewa kama ada inavyotaka. Waliaula naye alikuwa na kipara cha siku nyingi, na binti yao Becky yuko shule ya bweni. Katika nyumba ile ya mtaa wa Obunga hapakuwa na mtu mwenye nywele.

Waliaula aliushika ule unywele akauvuta. Ukaja. Akazidi kuvuta nao ukazidi kuja, umepakwa ute, na ndipo walipoona kwamba si unywele mmoja bali ni uzi wa nywele fupi fupi zilizosokotana, nyingine nyeusi, nyingine za mvi. Za vichwa vingi. Chumba kikanuka tope la ziwani, lile la chini kabisa samaki wanakoozea.

"Ni hiyo mkebe yako," Waliaula alisema. "Nilikuambia nywele ya matanga haikai kwa nyumba."

Mkebe ulikuwa uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na nywele za Nekoye mwenyewe, zile alizonyolewa msibani. Wazee walimwambia akazitupe migombani, akaitikia, halafu akazificha. Mama yake ndiye aliyemsuka mara ya mwisho, akiwa hoi kitandani, vidole vinatetemeka, mistari yote imepinda. Mtu anatupaje kitu kama hicho? Aliufungua mkebe akakuta misuko yake imelala vilevile, mikavu, inanukia mafuta ya mgando na moshi wa kuni. Akaufunga.

Kosa halikutoka kwenye mkebe. Lilitoka ufukoni Dunga, kwenye kazi ya Waliaula ya kutengeneza mashua.

Kijana mmoja wa mjini, Frankline, anayetembeza wageni ziwani, alikuwa ameleta mashua ya babu yake, ya mbao, iliyofunikwa turubai bomani tangu yeye hajazaliwa. Aliitaka irudi majini na tanga lake, ipakwe rangi, wageni wapige picha. Waliaula aliipenda palepale. Mbao zilikuwa nzima. Kilichomchukiza ni kitu kilichozibia nyufa kati ya mbao. Mafundi wote wa ziwani huzibia pamba. Hii ilikuwa imezibiwa nywele, zimeshindiliwa zikawa mkeka, zimelainishwa kwa mafuta ya samaki yaliyochacha. Alizichokoa kwa patasi, donge baada ya donge, huku akitema mate, akazitupa kwenye moto aliokuwa akiyeyushia lami. Moshi wake uliwafukuza hata wauza samaki, watu ambao si wepesi wa kukimbia harufu.

Kisha akafanya alivyozoea. Aling'oa misumari ya zamani, akainyoosha kwa nyundo, akaijaza mdomoni na kuipigilia upya mmoja mmoja. Nekoye alikuwa ameukemea mtindo huo tangu walipooana. Safari hii misumari ilitoka mle mwenye nywele, yeye akaibana kwa midomo kuanzia asubuhi hadi jioni, akimeza mate yake. Ukifikiri, unatamani kusukutua.

Kuanzia siku ya ugali, nywele zikawa kila mahali. Zilikuwa kwenye chai, kwenye sabuni, chini ya kucha za Waliaula. Pumzi yake ilibadilika, ikawa nzito na yenye shombo, hata Nekoye akawa analala amempa kisogo na kuona aibu kwa kufanya hivyo. Halafu kikaja kikohozi. Jioni moja chai ilimrudi puani, na ndani ya chai kulikuwa na kitu kinachojinyonganyonga.

"Baba Becky, fungua mdomo."

Alimulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya ulimi, pale kilimi kinaponing'inia, palikuwa pameota kishungi cheusi, kimelowa, kinapanda na kushuka kila alipovuta pumzi.

"Usiiguse," Waliaula alinong'ona. "Ikiguswa inashika ndani."

"Na ikibaki?"

Nekoye akazungushia vidole kona ya leso, akaingiza mkono, akakamata, akavuta, na ule uzi ukaanza kutoka ukiwa na joto la tumbo na utelezi wa kamasi, ukipanda kooni mwa mumewe huku macho yakimtoka na miguu ikipiga sakafu, akataka kuacha lakini akaogopa kuacha katikati, basi akaendelea kuvuta huku naye akitapika chai yake kwenye bega la mumewe, mpaka ncha ya mwisho ikachomoka, na kwenye ncha ile palikuwa na kipande cha ngozi ya kichwa cha mtu, cheupe, kimevimba maji, na chawa mmoja mzima anatembea juu yake.

Waliaula alifumba mdomo akalia kimya. Ndipo sauti ikatoka kifuani mwake, na midomo yake haikusogea.

"Koyo neka," ilisema. "Yawna."

Waliaula hakujua Kijaluo zaidi ya kile cha kununulia misumari. Nekoye, aliyeuza dagaa wa omena kwa miaka na wanawake wa ziwani, alielewa kila neno. *Baridi inaniua. Nifungulie.*

Kilichotolewa kikaota tena. Kwenye zahanati walimulika koo hilohilo wasione kitu, wakampa dawa ya kikohozi. Mchungaji alikuja, akaomba vizuri tu hadi alipokunywa chai akahisi kitu kimemkwama kwenye meno; aliaga kabla ya kusema amina. Majirani waliozoea kufukuza pepo za ziwani kwa kelele walipiga sufuria na mabati mpaka mikono ikawauma, na kile kitu kifuani kikafuatisha mapigo yao, taratibu, kikifurahia. Waliaula akawa hamezi hata maji. Mbavu zilimtoka, lakini tumbo lilijaa, na ukilibonyeza lilikuwa laini kama mto. Nekoye alikuwa ametoka kuzika mama. Hakuwa tayari kuzika mume.

Akampigia Frankline simu, na kwa mara ya kwanza maishani akamtukana mteja.

Frankline alifika ufukoni na shangazi yake kutoka Sondu, mama mmoja mzee anayeitwa Milka. Waliaula alikuwa amelazwa mchangani kando ya mashua, kwa sababu kile kitu kilitulia kidogo kikiwa karibu nayo. Milka hakusalimia mtu. Alipitisha kidole kwenye pamba mpya iliyozibia nyufa, nyeupe, safi, kisha akakaa chini.

"Nani alitoa nywele?" aliuliza.

"Fundi. Ilikuwa chafu, Auntie," Frankline alisema. "Mbona hukuniambia iko na kazi?"

"Uliniuliza lini? Wewe uliniuliza rangi gani wazungu wanapenda."

Akamgeukia Nekoye, akashusha sauti. "Obonyo, ndugu ya baba yangu, alizama na hii mashua. Mashua ilipatikana, mwili haikuonekana, so watu hawakumlilia, walikuwa wanangoja. Mtu hajaliliwa anasikia baridi, mama. Anatafuta mdomo aingie, kwa sababu ndani ya mtu kuna joto. Aliingia watu wa hii familia, na walikufa wamejaa yeye. Mwishowe tukamfanyia matanga bila maiti. Mama zetu wakanyolewa, na hiyo nywele ndiyo ikazibia mashua. Kilio yake ilikuwa hapo. Akaingia kwa mbao, akalala."

"Nimpe zangu?" Frankline aliuliza, ameshika rasta zake.

"Wewe umefiwa na nani? Inatakikana nywele ya mtu ako na msiba, imenyolewa matangani. Na wale walimlilia Obonyo wamekufa wote."

Pale chini Waliaula alikohoa, na kishungi kikatokeza nje ya meno, kikapapasa mdomo wa chini, kikarudi.

"Niko nayo," Nekoye alisema. "Ya matanga ya mama yangu."

Milka alimvuta karibu. "Ukimpea hiyo umempea kilio ya mama yako. Mama yako atabaki kama mtu hajaliliwa. Umeelewa, nyathina, mtoto wangu?"

Nekoye alikitazama kichwa cha mumewe mchangani. "Nimeelewa," alisema.

Mkebe ukaletwa. Alifumua misuko yenye mistari iliyopinda, moja baada ya nyingine, huku Milka akiipaka mafuta ya samaki, mbuta, na ile harufu ya moshi wa kuni ikapotelea kwenye shombo. Hakutaka mtu amsaidie. Alichokoa pamba na kushindilia nywele zake kwa patasi, na kila zilipoingia ufani Waliaula alipiga kelele, hadi ufa wa mwisho ulipokaribia kujaa na koo lake likatanuka kwa namna ambayo koo la mtu halitanuki, likatoka donge zima, jeusi, refu, linalotoa maji na vipande vya misumari yenye kutu, likajikokota mchangani likiacha mchirizi wa ute, likapanda ubavu wa mashua, likajipenyeza katika upenyo uliobaki mpaka ncha yake ikazama. Nekoye akashindilia nywele za mwisho juu yake. Mbao zikalia kidogo, kisha zikanyamaza.

"Maji," alisema Waliaula. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Siku hizi mashua ile huonekana majini, ya buluu, na tanga jeupe, na wageni wake huipiga picha. Waliaula amenenepa. Misumari anaiweka kwenye kopo. Wanakula vizuri, ingawa kichwa cha Nekoye hakijaota hata unywele mmoja tangu siku ile, na yeye hataki kulizungumzia.

Jioni moja walikuwa wakila ugali na sukuma wiki. Nekoye alitafuna, akaacha kutafuna. Ncha ilikuwa imejitokeza pembeni mwa midomo yake. Ilikuwa nyeupe, ya mvi tupu, na ndani ya nyumba kukanukia mafuta ya mgando na moshi wa kuni.

Waliaula aliinuka nusu. "Tema," alisema kwa kunong'ona. "Mama Becky, tema."

Nekoye aliuingiza ule unywele mdomoni kwa kidole, akafunga midomo, akameza.

"Mama anasikia baridi," alisema, akakata tonge lingine.