Uso wa Hermine

Vienna, Machi 1921. Saa tatu asubuhi.

Kratky alichora ramani kwa chaki mezani, katika chumba cha nyuma ya duka la makaa.

"Tajiri na mkewe wako mazishini hadi saa sita. Mtumishi kapewa chake. Poldi, usukani. Vinzenz, wewe unaitoa picha ukutani."

"Na sanduku langu? Picha ile haikunjwi."

"Tumekusikia, mzee."

Vinzenz alikuwa fundi fremu. Picha ilikuwa ya mkewe, Hermine, aliyekufa kwa homa ile ya mafua ya mwaka 1918. Mchoraji, ambaye baadaye alimuuzia tajiri, aliibandika rangi nzito kama siagi, akaisukuma kwa kisu na kidole gumba. Kijani shavuni, wekundu kuzunguka macho, nywele zimekwaruzwa kwa mpini wa brashi. Majirani walicheka. Vinzenz hakucheka, Hermine akichoka alikuwa vilevile. Hakuachiwa picha nyingine. Ujira alioomba ni kukaa nayo siku tatu kabla haijauzwa.

Saa tano na dakika ishirini.

Nyumbani kwa tajiri, Vinzenz aliishusha picha ukutani, akapitisha kidole shavuni, tuta kwa tuta. Kratky akaingia mikono mitupu.

"Sanduku liko wapi?"

"Halikupakiwa. Mnunuzi yuko stesheni. Anaondoka na treni ya saa sita."

"Ulisema siku tatu."

"Nilisema mengi."

Kisu cha Kratky kikazunguka fremu.

"Kratky, nakusihi. Rangi itakatika."

"Ikatike."

Akaikunja. Ikalia kama barafu nyembamba inayokanyagwa, na vipande vikamwagika zuliani. Vinzenz akapiga magoti, akaanza kuviokota.

Nje, honi ya Poldi ililia mara mbili. Njagu: polisi wamefika.

"Inuka, fala wewe."

Hakuinuka. Kratky akaichomeka picha ndani ya koti, akatokea mlango wa jikoni.

Saa saba mchana.

Kwenye kituo cha polisi Vinzenz alitaja majina ya wenzake wote wawili kabla hajaulizwa. Treni ilikuwa imeshaondoka.

"Fungua ngumi," sajini alisema. "Nataka alama za vidole."

"Naomba karatasi kwanza, afande. Nisimwangushe."

Sajini alimtazama, kisha akatandika karatasi. Vinzenz akafungua kidole kimoja kimoja. Alikuwa amebana mno, njia nzima. Kijani na wekundu vilikuwa unga mmoja wa kahawia, umeganda kwa jasho kiganjani.

Sajini akausogeza wino pembeni, akangoja.